Siti Haishushwi Ili Nyayo Zikanyage Chini

"Mimi ni mfupi, nina futi 5. Nichukue baiskeli ya umeme ya tairi nene ya 20 au ya 26?" Swali hili naletewa na watu wa Kajiungeni, wa Chanika, wa Mbagala, na kila mara linakuja na nyongeza ileile: muuzaji amesema ukikaa kwenye siti na nyayo zote mbili zikakanyaga sakafu, hiyo ndiyo saizi yako. Nitalijibu hapa kwa urefu, kwa sababu ushauri huo unaumiza watu magoti.

Kwanza, namba ya tairi haikupimi wewe. Rimu ya 26 ikivaa tairi la inchi 4 inafika kimo cha sentimita 75 hivi. Ya 20 ikivaa tairi hilohilo inafika kama sentimita 60, sawa na 24 ya kawaida. Ya 20 si baiskeli ya mtoto, na inaweza kuwa na fremu ndefu isiyokufaa kabisa. Kinachokupima ni fremu.

Sasa hizo nyayo. Chukua futi ya fundi cherehani. Mtu wa futi 5, yaani sentimita 152, mara nyingi ana mguu wa sentimita 70 hivi kutoka kinenani hadi kisiginoni. Kanuni iliyotangazwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990, inazidisha kipimo hicho kwa 0.883. Jibu ni sentimita 62, kutoka katikati ya ekseli inayoshika mikono ya pedali kwenye fremu hadi juu ya siti. Ekseli yenyewe iko kama sentimita 30 kutoka ardhini, na bomba la siti limelala kidogo. Kwa hiyo siti iliyokaa sawasawa inafika karibu sentimita 90 juu ya ardhi. Mguu ni 70. Nyayo zitakanyaga vipi?

Wala si shida ya wafupi peke yao. Mwenye mguu wa sentimita 85, kanuni hiyohiyo inamweka juu ya siti ya sentimita 100 na ushei. Hakuna mtu mzima, mrefu wala mfupi, anayekaa sawa kwenye baiskeli ya kawaida huku nyayo zote mbili zimetulia chini.

Ukiishusha siti kwa nguvu, pedali ikifika juu goti linakuwa limekunjwa kupita kiasi, na hapo ndipo unapolitaka lisukume. Kifuniko cha goti kinakandamizwa kwenye mfupa wa paja, mzunguko baada ya mzunguko. Panda kutoka Gongo la Mboto kuja Pugu kwa siti hiyo: miguu haina nguvu, kazi yote inabaki kwa mota, mwendo unashuka, mota ya kwenye gurudumu inapata moto na betri inaisha njiani. Kisha watu wanasema betri ni mbovu.

Kuna wanaofika mbali zaidi. Siti imeshuka hadi mwisho na bado wanaiona iko juu, basi wanampelekea fundi wa kuchomelea akate fremu. Tafadhali msifanye hivyo! Fremu nyingi za baiskeli hizi ni za aluminiamu, na joto la kuchomelea huilegeza. Kulikata bomba la siti lenyewe nako kuna hatari: lisipoingia kwenye fremu hadi mstari wa kikomo uliochorwa juu yake, siku moja litavunjika ukiwa umelikalia.

Kusimama ni ufundi, nao unafundishika. Shika breki, pedali moja iwe chini, simama juu yake, teleza mbele utoke kwenye siti, halafu mguu wa pili ukanyage ardhi. Ukishasimama, bomba la juu la fremu liko katikati ya mapaja yako. Hicho ndicho kipimo cha mtu mfupi: ukiwa na viatu vyako, libaki pengo la sentimita 5 au zaidi. Baiskeli hizi nyingi zina kilo 30 na kuendelea. Ikikulalia mchangani huna pa kujitetea.

Basi chagua hivi. Fremu ya kupita katikati, ile mnayoiita ya kike: wanaume, ichukueni, hasa mkibeba gunia la mihogo nyuma, maana mguu hauwezi kuruka juu ya mzigo. Tairi la 20 au 24. Mkono wa pedali wa milimita 160 au 165 badala ya 170. Hendo unayoifikia viwiko vikiwa vimelegea. Mota inayokatika ukishika breki. Siti: kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke, basi. Upepo psi 6 hadi 10 mchangani, 15 hadi 20 kwenye lami, bila kupita kikomo kilichoandikwa kwenye tairi. Na kwenye udongo mweupe wa Pugu uliolowa, shuka usukume. Unene wa tairi haushiki utelezi.

Wanaoitaka kwa uwindaji, kama walivyoona kwenye video za Wamarekani, vipimo ni hivihivi. Ila msitu wa Pugu-Kazimzumbwi ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), hauwindwi. Kwingineko kunakoruhusiwa ni kwa leseni, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.

Dukani nenda na futi yako na viatu utakavyoendeshea. Muuzaji akikataa usipime wala usiijaribu nje, ondoka na hela zako.