Je, Wajua? Kilicho katika chupa ya dawa kimo pia katika jani la chai

Majani ya chai yanayochumwa katika mashamba ya eneo la Kabianga huingia kiwandani yakiwa kijani na kutoka meusi bila kutiwa rangi yoyote. Yakikatwakatwa, kimeng'enya kilichomo ndani yake hukutana na hewa, na oksijeni huzigeuza katekini za jani kuwa theaflavini za rangi ya dhahabu na thearubijini za hudhurungi. Humo humo huzaliwa haidrojeni peroksaidi (H₂O₂), ile ile inayouzwa katika duka la dawa. Kimeng'enya kingine, peroksidesi, huitumia kuendeleza mabadiliko hayo. Chai ya kijani hupashwa moto mapema ili kuviua vimeng'enya, ndiyo maana hubaki na rangi yake.

Katika maabara za shule za upili, H₂O₂ hudondoshwa juu ya unga mweusi wa manganizi dioksaidi ili kupata oksijeni, na kijiti chenye kaa huwaka tena. Kiazi kibichi au ini pia hutoa mapovu kikidondoshewa H₂O₂, kwa sababu ya kimeng'enya kiitwacho katalesi. Kimo pia katika damu yetu, na ndicho huleta povu H₂O₂ inapotiwa kwenye kidonda. Tafadhali, povu hilo lisikudanganye: dawa hiyo huumiza hata chembe mpya zinazoota. Ukijikata kidogo ukipogoa chai, osha kwa maji safi na sabuni. H₂O₂ itakufaa zaidi kwenye doa la damu katika shati jeupe. Iache ndani ya chupa yake ya kahawia. Mwanga huivunja ikawa maji na oksijeni.