Mgonjwa Akikataliwa Hospitalini, Sheria Inasema Nini?



Tukipita huku Chala swali moja halikosi: mgonjwa akirudishwa kwa kukosa pesa za kutanguliza, tufanyeje? Wengi hujibu, "Tutafanya nini, sisi watu wadogo?" Hapo hatukubaliani.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa, tena asinyimwe mtu matibabu ya dharura. Haikusema "mtu mwenye pesa". Sheria ya Afya ya 2017 ikaitia meno: hospitali yenye uwezo wa kutibu dharura ikikataa, yaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 3. Mama anayevuja damu, mtoto aliyeumwa na nyoka, hao wapokelewe kwanza, mambo ya pesa baadaye.

Je, ni maneno ya karatasini tu? Mwaka 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya serikali ya Bungoma, na wauguzi wakamtukana na kumpiga. Kumbe kuna mtu alikuwa akirekodi video. Kesi ilisikizwa na Mahakama Kuu huko huko Bungoma, na Machi 2018 jaji akaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe msamaha. Hesabuni miaka hiyo. Hatutawadanganya kwamba korti ni njia ya mkato.

Karibu nasi zaidi, Mombasa, watu wa Owino Uhuru walitiwa sumu ya madini ya risasi na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Hawakwenda kortini mmoja mmoja, walikwenda kama mtaa. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaipangua hukumu hiyo 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Kifungu cha 22 cha Katiba chawaruhusu ninyi pia kwenda kama kikundi, au kumsemea mtu asiyeweza kwenda mwenyewe. Kufungua kesi ya namna hii hakutozwi ada, na hata barua ya kawaida yaweza kupokelewa. Mahakama Kuu iko hapo Voi. Wakili ndiye gharama, kwa hiyo ulizieni Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Lakini kabla ya korti, andikeni. Katibu wa kikundi aandike siku ile ile: tarehe, saa, aliyewahudumia, maneno yaliyosemwa, na nani alishuhudia. Risiti na kadi za kliniki msizitupe. Pelekeni malalamiko kwa maandishi kwa msimamizi wa hospitali na kwa idara ya afya ya kaunti, na mhakikishe nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa kabla hamjatoka mlangoni.