Soko la Kadogo: Taaluma ya Masoko Inavyomgusa Mkazi wa Mukuru kwa Reuben

Taaluma ya masoko ni jumla ya shughuli ambazo mfanyabiashara hutumia kumtambua mnunuzi, kuelewa haja zake, kumwandalia bidhaa inayozikidhi, kuifikisha mahali anapoweza kuipata na kumwarifu kwamba ipo kwa bei anayoimudu. Wengi huichukulia taaluma hii kuwa ni matangazo matupu, ilhali matangazo ni sehemu yake ndogo inayofuata baada ya kazi nyingine nyingi kukamilika. Mwaka 1960 msomi wa Marekani, E. Jerome McCarthy, aliigawa kazi hiyo katika mambo manne, yaani bidhaa, bei, mahali pa kuuzia na uhamasishaji, na mgawanyo huo ungali unafundishwa vyuoni. Mtaa wa Mukuru kwa Reuben, ulio karibu na Eneo la Viwanda jijini Nairobi, unafaa sana kuchunguzwa kwa vigezo hivyo, kwa sababu huko kampuni ikikosea katika jambo lolote kati ya hayo manne, mnunuzi huonja matokeo yake siku hiyo hiyo.

Wakazi wengi wa Mukuru hutegemea vibarua vya viwandani, mijengo na biashara ndogo ndogo, na kwa hiyo fedha huingia kwa siku na kutoka kwa siku. Anayelipwa jioni hawezi kununua mafuta ya kupikia ya mwezi mzima hata akijua kuwa chupa kubwa ina nafuu, kwa kuwa malipo hayo hayo yanasubiriwa na unga, maji, kodi ya nyumba na nauli. Biashara iliyoota katika hali hiyo ndiyo inayoitwa kadogo, yaani uuzaji wa bidhaa kwa vipimo vidogo kabisa: mafuta ya kupima, sukari iliyofungwa katika vikaratasi, sabuni ya unga ya pakiti moja inayotosha kufua mara moja, na majani ya chai ya kupikia chai ya asubuhi tu. Mwenye duka ndiye aliyeanza kuvunja mifuko mikubwa na kupimia wateja wake, kabla ya viwanda kutambua kwamba hapo palikuwa na soko pana na kuanza kufunga pakiti hizo wenyewe. Mwaka 2004 msomi wa biashara C. K. Prahalad alichapisha kitabu mashuhuri kilichozihimiza kampuni kubwa duniani zimhudumie mnunuzi maskini kwa njia ya namna hiyo, lakini mwenye duka wa mtaani hakuhitaji kitabu, kwa maana alikuwa akimwona mnunuzi huyo kila siku mbele ya dirisha lake.

Faida kwa biashara iko wazi. Kiwanda hupata wanunuzi ambao kisingewapata, mwenye duka huzungusha mtaji wake upesi, na jina la bidhaa huzoeleka tangu mtoto anapotumwa dukani. Hata rangi ya kibanda huwa sehemu ya kazi hiyo, kwani vibanda vingi vya mitaa ya namna hii hupakwa rangi za kampuni za simu au za vyakula, na kuta za mabati zikageuka mabango. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ya M-Pesa, iliyozinduliwa na kampuni ya simu ya Safaricom mwezi Machi 2007, ilienea kwa njia hiyo: ujumbe wake wa mwanzo ulikuwa mfupi na ulihusu kutuma pesa nyumbani, jambo ambalo kila mhamiaji wa mjini alilihitaji, nao mawakala wake walikuwa wenye maduka ambao watu walikwisha kuwaamini.

Kwa mnunuzi, hata hivyo, hesabu ina pande mbili. Tuchukue mfano wa lita moja ya mafuta inayouzwa kwa shilingi 300, huku mililita 50 za mafuta hayo hayo zikipimwa kwa shilingi 20. Anayenunua kwa kupima hadi atimize lita moja atakuwa amelipa shilingi 400, yaani theluthi moja zaidi ya mwenye uwezo wa kulipa kwa mara moja. Hali hiyo ya maskini kulipa zaidi kwa kitu kile kile ilielezwa na mwanasosholojia David Caplovitz katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu wanunuzi wa mitaa ya kipato cha chini jijini New York, na watafiti waliochunguza gharama za maji na umeme Mukuru waliikuta huko pia. Haitakuwa haki kumtwika mwenye duka lawama yote, kwani yeye pia hununua kidogo kidogo, hubeba hatari ya kuibiwa na huandika madeni daftarini ambayo mengine hayalipwi kamwe. Lakini mnunuzi anastahili kujua tofauti hiyo, na taaluma ya masoko inayomficha hesabu inakuwa imeacha kazi yake ya kwanza, ambayo ni kumpa mtu taarifa ya kumwezesha kuchagua.

Mchango wa masoko kwa jamii unaonekana vizuri zaidi katika jambo ambalo watu huliona aibu kulizungumza, nalo ni choo. Kwa miaka mingi familia nyingi za Mukuru zilikosa vyoo vya kutosha, na usiku baadhi ya watu walilazimika kujisaidia katika mifuko ya plastiki iliyotupwa mitaroni, hasa wanawake na watoto ambao kutoka nje gizani kuliwahatarisha. Mwaka 2011 kampuni ya Sanergy, iliyoasisiwa na David Auerbach, Lindsay Stradley na Ani Vallabhaneni waliokuwa wanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, ilianza kuweka vyoo vya Fresh Life katika mitaa ya Mukuru. Vyoo hivyo havikutolewa bure, bali viliuzwa kwa wakazi walioviendesha kama biashara na kutoza ada ndogo kwa kila aliyeingia, na kinyesi kilikusanywa katika vyombo vilivyofungwa, kikaondolewa mtaani na kutumika kutengeneza mbolea na chakula cha mifugo.

Ukiupima mradi huo kwa mambo manne ya McCarthy, utaona kwamba bidhaa yenyewe ilikuwa usafi na heshima: chumba nadhifu chenye rangi ya kuvutia, maji ya kunawa, sabuni na karatasi. Mahali palikuwa karibu na mlango wa mtumiaji, na uhamasishaji ulifanywa na mwendeshaji ambaye ni jirani. Jambo la bei ndilo lililoleta ugumu, kwani familia yenye watoto wengi hulipa kila mara mtoto anapohitaji choo, na ndiyo maana mpango ulipanuka hadi kuwashirikisha wenye nyumba waweke choo ndani ya ploti na wapangaji wakitumie bila kulipia kila safari. Mwenye nyumba naye alipata sababu ya kukubali, kwa maana ploti yenye choo safi hupata wapangaji. Utumiaji wa mbinu za biashara kubadili tabia kwa manufaa ya umma uliitwa masoko ya kijamii na wasomi Philip Kotler na Gerald Zaltman mwaka 1971, na Mukuru inathibitisha kwamba mbinu hizo hufaulu zinapokubali kusahihishwa na maisha ya watu.

Madhara nayo yapo, na yanapaswa kusemwa. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017, haikugusa vifungashio vya viwandani, na kwa hiyo vipakiti vya kadogo vinaendelea kuziba mitaro. Matangazo ya kamari nayo yaliwafikia vijana wasio na ajira kwa nguvu kubwa hata bodi ya serikali iliyokuwa ikisimamia michezo ya kubahatisha ikayasimamisha kwa siku 30 mwishoni mwa Aprili 2025. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na taarifa anazohitaji, tena inalitaka Bunge litunge sheria kuhusu matangazo ya haki, ya kweli na yenye staha; Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ikafuata mwaka 2012.

Haki hizo zinaweza kuanza kutekelezwa kwa hatua isiyo na gharama kubwa. Viwanda vinavyofunga bidhaa za kadogo viandike juu ya kila pakiti, ndogo na kubwa, bei yake kwa kila gramu 100 au mililita 100, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, na wenye maduka wanaopima wabandike hesabu hiyo hiyo dirishani, ili anayenunua kidogo kwa kukosa fedha anunue akijua anacholipa.