Batri zote za 12 V si sawa: kabla hujanunua ya pompi ya kupulizia

Jirani yangu mmoja hapa Nundu ana pompi ya mgongoni ya lita 16, anapulizia nayo tomati. Batri yake ilikufa, akanunua ingine ku soko: nyepesi, imefungwa plastiki ya bluu, imeandikwa 12 V. Akaichaji na chaja ile ile ya zamani, usiku, kando ya godoro. Asubuhi ilikuwa moto haishikiki, plastiki imeyeyuka upande mmoja, chumba kinanuka kama rangi ya kucha. Watoto walikuwa wanalala pale pale. Akaniuliza: "Agronomi, si yote ni 12?"

Hapana. Pompi nyingi za namna ile zinakuja na batri ya asidi, nzito, ya 12 V na 8 Ah, na chaja yake inapanda mpaka volti 14 na kitu. Ile ya bluu ni ya lithiamu, selo tatu zimefuatana. Selo moja inajaa kwa volti 4,2, kwa hiyo tatu ni 12,6, basi. Ukizidisha pale, inapata moto, na maji yaliyo ndani yake yanawaka. Kunapaswa kuwa kipande cha elektroniki cha kukata umeme ikijaa, lakini katika zile za bei ya chini mara ingine hakiko.

Kuna lithiamu ingine, ya chuma na fosfati. Selo zake nne zinafanya volti 12,8, na si rahisi iwake. Bei yake iko juu, na yenyewe pia inataka chaja yake. (Sisi wa inchi ya kobalti, tuchekeni kidogo: ile lithiamu tulivu haina kobalti ya Kolwezi hata chembe.)

Mimi, kwa pompi, nashauri urudilie ya asidi iliyofungwa. Ni nzito, ndiyo, lakini chaja unayo tayari. Usiiache tupu siku nyingi, itakufa. Ukitoka shamba, ichaji siku ile ile, mahali hewa inapita.

Ukishikilia lithiamu, uliza chaja yake kabla ya kulipa. Chaja iandikwe 12,6 kwa selo tatu za kawaida, 14,6 kwa nne za fosfati. Muuzaji akisema "yoyote inaenda", mwachie batri yake. Na zile selo za duara zenye kuandikwa 9900 mAh ni uongo mtupu: ya kweli ya ukubwa ule haifiki 5000, na inapima karibu gramu 45. Ikiwa nyepesi mkononi kama kibiriti, rudisha.

Iliyovimba ao iliyonuka usiichaji tena, usiitoboe, usiitupe ku moto wala ku ziwa. Ya jirani iko nje sasa, ndani ya ndoo ya mchanga mkavu, mbali na watoto. Yeye anamaliza msimu huu na pompi ya mkono.