Umeme Ulipokatika

Jioni moja nilikuwa nikimtazama Sherlock Holmes kwenye televisheni. Kabla muuaji hajatajwa, umeme ukakatika. Kwa hasira nikawasha mshumaa, nikafuta vumbi kitabu nilichoazimwa na jirani miezi mingi nyuma: Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichotoka mwaka 1960. Kumbe! Humo yumo Bwana Msa, mvuta kiko kama Holmes, na sahibu yake Najum, mfano wa Watson. Nami nilidhani upelelezi ni kazi ya Wazungu tu! Umeme uliporudi sikunyanyuka. Muuaji wa Holmes simjui mpaka leo, lakini mwandishi wetu nimemjua. Je, wewe kitabu gani kinakula vumbi nyumbani kwako?