Moshi

Neno "moshi" hutajwa kila siku katika nchi ya Kilimanjaro, na maana zake ni tatu. Kwanza, ni ule utokao motoni. Pili, ni mji: Moshi ya zamani iko mlimani, na mji wa sasa ulikua chini yake, ilipofika reli ya Tanga mwaka 1911. Tatu, ni jina la ukoo: Stefano Moshi alikuwa mkuu wa kwanza wa Kanisa la Kilutheri la Tanganyika lililoungana mwaka 1963.

Je, msikiaji atajuaje? Asikilize mwanzo wa tendo. "Moshi imejaa watu": huo ni mji. "Moshi anaingia nyumbani": mpeni kiti. "Moshi unaingia nyumbani": kimbilieni maji! Sauti moja tu humtenga mgeni na moto. Basi itamkeni sawasawa.