Sarafu za Waingereza: Zinakumbuka Nini?

Wengi wetu tukirudishiwa chenji na kondakta huangalia jambo moja tu: je, pesa zimetimia? Mimi nina ugonjwa mwingine. Huigeuza sarafu kwanza nione imechorwa nini. Ugonjwa huo ndio ulionifikisha kwa sarafu za Waingereza, na leo nataka kuwaeleza niliyoyapata huko.

Sarafu ya kumbukumbu ni ile inayotengenezwa ili kuadhimisha tukio, mtu au kitu fulani. Upande mmoja huwa na kichwa cha mfalme au malkia. Upande wa pili ndio unaobadilishwa. Kazi hii hufanywa na Royal Mint, kiwanda cha kifalme ambacho zamani kilikuwa ndani ya Tower of London, na siku hizi kiko Llantrisant kule Wales. Kuna sarafu za kutumiwa, kama zile za peni 50 na pauni 2, ambazo mtu anaweza kupewa dukani kama chenji. Halafu kuna za kuwekwa kabatini, hasa za dhahabu na fedha, ambazo huuzwa kwa bei iliyopita thamani iliyoandikwa juu yake.

Kabla sijaendelea, neno "shilingi" tulilipata kwao. Shilingi zao 20 zilifanya pauni moja, na ndiyo sababu wazee wetu wengine husema "pauni" wakimaanisha shilingi 20. Lakini tarehe 15 Februari 1971 Waingereza waliiacha shilingi, pauni ikawa peni 100. Mwenye kitu kakitupa, aliyeazima ndiye aliyebaki nacho!

Sarafu inayopendwa zaidi kwa kumbukumbu ni ya peni 50. Tuseme ni thumuni yao, maana ni nusu ya pauni. Ilianza 1969, ikachukua nafasi ya noti ya shilingi 10. Ina pande saba zilizopindwa kidogo kwa hesabu maalum, hata upana wake huwa uleule popote utakapoupima. Mwalimu wetu wa hisabati akitaka mfano, huo hapo. Mwaka 1973, Uingereza ilipojiunga na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, sarafu hiyo ilichorwa mikono tisa iliyoshikana mduara. Ilipotaka kutoka Ulaya mambo yakawa magumu. Sarafu kama milioni moja zilikwisha kupigwa tarehe ya 31 Oktoba 2019, safari ikaahirishwa, nazo zikayeyushwa! Zilizotolewa baadaye zina tarehe ya 31 Januari 2020.

Mambo ya utamaduni nayo hayakuachwa. Mwaka 2016, miaka 400 tangu Shakespeare afariki, zilitolewa sarafu tatu za pauni 2: moja ya tamthilia zake za kuchekesha, moja ya tanzia na moja ya historia. Ninayoipenda mimi ni ya peni 50 ya mwaka 2005, ya kuadhimisha miaka 250 ya kamusi ya Samuel Johnson. Haina picha ya mtu wala ya jengo. Ina maneno mawili tu na maana zake jinsi yanavyoelezwa katika kamusi: "hamsini" na "peni". Sisi wa Chama cha Kiswahili tungeielewa sarafu hiyo mara moja.

Wenzangu huniuliza, "Sasa ukiipata moja utatajirika?" Inategemea zilitengenezwa ngapi, si ukubwa wa jina la mtu. Winston Churchill alipofariki 1965 ilitolewa sarafu ya shilingi 5 yenye sura yake. Watu wakazifungia masandukuni wakingoja utajiri. Lakini zilikuwa karibu milioni 20, kwa hiyo hadi leo hazina bei. Peni 50 ya bustani ya Kew ya mwaka 2009 zilikuwa 210,000 tu, na hiyo huuzwa zaidi ya mara mia ya thamani yake.

Sasa nifike pale panaponikereketa. Mwaka 2007 Uingereza ilitoa sarafu ya pauni 2 kuadhimisha miaka 200 ya sheria ya 1807 iliyopiga marufuku biashara ya watumwa. Imeandikwa 1807, na ile sufuri ni pete ya mnyororo uliokatika. Ukingoni yamezungushwa maneno ya waliopinga utumwa, yanayouliza: je, mimi si mtu na ndugu? Ni sarafu nzuri, siikatai. Lakini mwulizaji mwenyewe hayumo. Utaona mnyororo, humwoni aliyefungwa.

Tena kiwanda hichohicho, mwaka 1663, kilianza kutengeneza sarafu ya dhahabu iliyokuja kuitwa gini, kwa sababu dhahabu yake ilitoka pwani ya Guinea, huku kwetu Afrika. Baadhi yake zina ndovu mdogo chini ya kichwa cha mfalme. Ndovu huyo alikuwa alama ya kampuni iliyoleta dhahabu hiyo, ambayo baadaye iliitwa Royal African Company. Kampuni hiyo haikusafirisha dhahabu na pembe peke yake, ilisafirisha watu pia. Kwa hiyo ukiziweka mezani sarafu hizo mbili, ya ndovu na ya mnyororo, ndipo utapata habari kamili. Ukishika moja umepata nusu.

Na hapa Mombasa ule mwaka 1807 haukutufikia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, na kila asubuhi matatu yetu hupita Kengeleni. Abiria huteremka, kondakta huita "Kengeleni, Kengeleni!", na sijui ni wangapi hukumbuka kwamba ile kengele ni ya Freretown, mahali wamisionari walipowaweka watumwa waliokombolewa katika miaka ya 1870.

Sisi pia tumewahi kuwa na sarafu ya kumbukumbu: ya shilingi 40, iliyotolewa 2003 kwa miaka 40 ya uhuru, yenye sura ya Rais Kibaki. Kisha Katiba ya 2010 ikakataza sura ya mtu yeyote katika pesa zetu, na sarafu za 2018 zikaja na twiga, kifaru, simba na ndovu. Wengine husema basi Kenya haiwezi tena kuweka historia yake kwenye sarafu. Hapo mimi nabisha. Katiba imekataza sura ya mtu, haikukataza kitu kinachoieleza nchi. Kengele si mtu, na katika shilingi 20 ingetosha vizuri, na kamba yake.